Matao na mikunjo: kutengeneza njia ya umeme inayovutika kama mpira

Zabibu ya Hombolo, hapa Dodoma, ikianikwa kwa siku kadhaa, maji hutoka, nyama ya ndani husinyaa, na ganda linabaki na ukubwa ambao halina tena pa kuuweka. Halipasuki. Linajikunja, na mikunjo hiyo ndiyo inayolifanya litoshe juu ya kitu kilichopungua. Ukiweza kuirudisha zabibu katika unene wake wa kwanza, mikunjo itanyooka bila ganda kurefuka hata kidogo.

Waya wa shaba unaovutika hutengenezwa kwa hila hiyohiyo. Shaba nyembamba yenyewe haivutiki: ukiirefusha kwa asilimia chache tu inakatika, na ukiirefusha chini ya hapo mara nyingi inachoka kisha inakatika pia. Lakini ukiuvuta mpira kwanza, ukabandika shaba nyembamba juu yake ukiwa umevutwa, halafu ukauachia taratibu, shaba italazimika kukunjamana. Baada ya hapo kila unapouvuta mpira, shaba inakunjuka tu. Mwaka 1998 kundi la George Whitesides huko Harvard lilionyesha mikunjo ya mpangilio katika utando wa dhahabu juu ya mpira wa silikoni, na mwaka 2006 John Rogers na wenzake, Illinois, wakafanya hivyo kwa riboni za silisiamu, malighafi ya chipu za kompyuta, kitu kinachovunjika kama kioo. Hapa tunatengeneza toleo la mezani, kwa vitu vinavyopatikana Dodoma: ukanda wenye matao matatu, unaovutika kwa asilimia 20 na kurudi, wenye njia tatu au nne za umeme. Unafaa kwa mkanda wa kifuani wa kupima pumzi, kiungo cha roboti, au kihisi cha kufunga kwenye goti.

Kwanza chagua: mikunjo au matao

Mikunjo hutokea pale utando ulioshikamana na mpira kila mahali unapobanwa. Ukubwa wa kila wimbi hauamuliwi na wewe, unaamuliwa na vifaa: zidisha unene wa utando kwa 6.28, kisha kwa kipeuo cha tatu cha ugumu wa utando ukigawanywa kwa mara tatu ya ugumu wa mpira. Foili ya jikoni yenye unene wa mikromita 15, juu ya silikoni ya kawaida yenye ugumu wa takribani megapaskali 1, inatoa wimbi la kama milimita 2.5. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanabandika foili juu ya puto au juu ya mpira wa milimita moja, wanaachia, na kitu kizima kinajiviringisha kama mkeka. Sababu ni kwamba mpira lazima uwe mnene mara kadhaa kuliko wimbi lenyewe, ama sivyo mpira nao unapinda badala ya kuibana foili. Kwa foili hiyo ungehitaji mpira wa sentimita moja, na kwa mkanda wa kuvaa huo ni mzigo.

Kwa hiyo mikunjo ni ya tando nyembamba sana, kama karatasi ya dhahabu, ambayo tutaigusa mwishoni. Kwa shaba ya kawaida tengeneza matao: unaibandika kwa nukta chache tu, na katikati ya nukta inabaki huru kunyanyuka kama daraja. Umbali kati ya nukta unauchagua mwenyewe, na hapo ndipo unapopata udhibiti.

Vifaa

Kipande cha fleksi, ule utepe wa kahawia wenye njia za shaba ndani. Mafundi wa simu na kompyuta wanazo za kutupa. Iliyo bora kuliko zote ni ile inayoshika kichwa cha leza ndani ya draivu ya CD au DVD ya zamani, kwa sababu ilitengenezwa ili ipindwe mara nyingi mno. Tafuta yenye urefu wa milimita 110 au zaidi. Achana na zile pana nyeupe za printa: plastiki yake ni nene na shaba yake ni nene zaidi. Ukikosa fleksi, utepe wa shaba wa mikromita 35 uliofunikwa juu na chini kwa utepe wa Kapton (plastiki ya kahawia inayostahimili joto) utafanya kazi, lakini uuongezee nafasi ya nukta hadi milimita 50 na uukubali kama kitu cha majaribio.

Silikoni ya kuziba vioo, mrija mmoja, kutoka duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hapa kuwa mwangalifu. Silikoni nyingi zinanuka siki, na ile ni siki kweli: zinapokauka hutoa asidi ya asetiki, ambayo inakula shaba iliyo wazi na kuigeuza kijani ndani ya wiki chache. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi, yaani haina harufu ya siki. Ukiikosa, tumia yenye siki kwa kutengeneza mpira peke yake, uuache wiki nzima hadi harufu iishe, na uepuke kuitumia kama gundi karibu na shaba.

Tyubu ya baiskeli inavutia kwa kuwa ipo kila mahali. Isitumike. Ina salfa inayoichafua shaba, na masizi meusi yaliyochanganywa ndani yake yanaweza kupitisha umeme kidogo. Mpira wa asili wa manati nao una ugomvi wa zamani na shaba: chembe za shaba huuharakisha kuoza.

Vingine: nailoni ngumu ya polithini, kadi sita za plastiki zilizokwisha muda, rula ya chuma, wembe mpya, poda ya mtoto, spiriti ya duka la dawa, ubao wa sentimita 30, vipande vinne vya ubao vya kubania, skrubu, na bolti ndefu ya M6 yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho pamoja na nati zake. M6 imechaguliwa makusudi: hatua ya uzi wake ni milimita 1, hivyo kila mzunguko mmoja wa nati unakusogeza milimita moja kamili. Ndiyo rula yako ya kuvutia.

Kumwaga mpira

Tandika nailoni juu ya kioo au meza iliyonyooka. Kioo kitupu hakifai, silikoni itakishika moja kwa moja. Panga kadi tatu juu ya nyingine upande huu na tatu upande ule, ukiacha nafasi ya milimita 30 katikati. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, hivyo tatu zinakupa mpira wa kama milimita 2.3. Kadi moja ina urefu wa milimita 85 tu, kwa hiyo mwaga nusu, sogeza, malizia, hadi upate ukanda wa milimita 120. Au ukate vijiti viwili vya unene huo, ni nadhifu zaidi.

Kamua silikoni mistari iliyogusana, ukianzia ukingoni, bila kuruka nafasi. Viputo vya hewa huzaliwa pale mistari miwili inapoacha mfereji kati yake. Lowesha rula kwa maji ya sabuni kidogo, ipitishe mara moja juu ya kadi kutoka mwanzo hadi mwisho, usirudie. Ukirudia baada ya dakika kumi utaichana ngozi iliyoanza kuganda.

Sasa suala la Dodoma. Silikoni hii haikauki kwa kupoteza maji, inaganda kwa kunywa unyevu wa hewani. Mjini Dar es Salaam hilo ni jambo la usiku mmoja. Hapa, kati ya Juni na Oktoba, hewa ni kavu mno na juu inaganda huku ndani ikibaki uji kwa siku kadhaa. Weka kazi yako ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na bakuli la maji, bila maji kugusa mpira, na uache siku mbili hadi tatu. Kuianika juani hakusaidii, unaondoa hata ule unyevu mdogo uliopo. Ndoo hiyohiyo inakukinga na vumbi, ambalo katika miezi ya upepo ndilo adui wa pili.

Ubandue, ugeuze. Upande uliolala juu ya nailoni ni laini kama kioo na haukuguswa na sabuni. Huo ndio utakaobandikiwa.

Jigi (fremu ya kushikilia) ya kuvutia mpira

Skrubu jozi moja ya vibanio kwenye ncha ya ubao. Jozi ya pili iteleze juu ya ubao, ikivutwa na bolti ya M6. Kila kibanio kishike milimita 15 za mpira, ukiacha milimita 90 huru. Nguvu inayohitajika ni ndogo, kama kilo moja na nusu, lakini mpira una tabia ya kuponyoka polepole unapobanwa, kwa sababu unavyovutwa unapungua unene. Weka msasa kati ya ubao na mpira, sura ya mchanga ikitazama mpira.

Kabla ya kuvuta, chora kwa kalamu mistari miwili midogo yenye umbali wa milimita 60, katikati ya mpira. Hii ndiyo vipimo vyako vya kweli. Usiamini umbali kati ya vibanio: mpira karibu na kibanio hauvutiki sawa na wa katikati. Zungusha nati hadi mistari iwe milimita 78. Hiyo ni asilimia 30, na itachukua kama mizunguko 27. Acha dakika 15, pima tena, ongeza mzunguko mmoja au miwili kama mpira umelegea.

Kukata fleksi na kuibandika

Kata fleksi iwe na upana wa milimita 5, ukipitisha wembe katikati ya njia na njia, kamwe siyo juu ya shaba. Wembe uwe mpya na ukate kwa mpito mmoja. Jino dogo kwenye ukingo, hata lisiloonekana kwa macho, ndipo mchaniko utakapoanzia siku ya mia ya matumizi. Kwaruza plastiki kwenye ncha mbili hadi shaba ionekane, paka risasi, na ulehemu waya laini zenye nyuzi nyingi sasa hivi, kabla ya kubandika. Pasi ya nyuzi joto 330, sekunde mbili au tatu, basi. Ukilehemu baadaye ukiwa juu ya matao utatetemesha kila kitu.

Safisha mpira kwa spiriti. Kisha kata vipande vinne vya selotepu vyenye upana wa milimita 3 na uvibandike kukatiza mpira: kwenye alama mbili za mwisho, na viwili kati yake, ili kuwe na milimita 26 kutoka kitovu hadi kitovu. Nyunyiza poda ya mtoto eneo lote, isambaze kwa brashi, puliza inayozidi. Bandua selotepu. Umebaki na madirisha manne safi, na kwingine kote poda itazuia gundi isishike. Hii ni hatua inayorukwa na watu wenye haraka, na matokeo yake ni gundi inayotambaa hadi katikati ya tao na tao kunyanyuka nusu.

Paka tabaka jembamba la silikoni kwenye kila dirisha, laza fleksi katikati ikiwa imenyooka, weka juu yake nailoni na kitu cha gramu 200. Jigi yote irudi ndani ya ndoo, mpira ukiwa bado umevutwa, kwa siku mbili. Unyevu unaingia kwenye gundi kwa pembeni tu kwa kuwa fleksi imefunika juu, ndiyo maana siku moja haitoshi.

Kuachia

Mzunguko mmoja wa nati kila sekunde kumi. Baada ya mizunguko mitatu ya kwanza simama, chukua kijiti cha meno na unyanyue kila tao kidogo. Usipofanya hivyo tao moja linaweza kujitwika urefu wote wa ziada, likavuta nukta za jirani na kuzibandua. Yakishaanza yote matatu kwenda juu, yanaendelea yenyewe.

Ukifika mwisho, pima. Utakuta milimita 62 na siyo 60, na hakuna kilichoharibika: mpira ulio chini ya nukta za gundi umeshikwa na fleksi, hauwezi kurudi. Kila nafasi huru ilikuwa milimita 23, imerudi kuwa karibu 17.7, na tao limesimama kwa milimita 6 hadi 7.

Tofauti hiyo ya milimita mbili ina matokeo. Fleksi itanyooka kabisa mpira ukifika tena milimita 78, na kutoka 62 hiyo ni karibu asilimia 26 tu, japo ulivuta kwa 30. Weka kikomo cha matumizi kwenye milimita 74, yaani karibu asilimia 20, na ushone kamba isiyovutika sambamba na mkanda, yenye urefu wa kuzuia zaidi ya hapo. Bila kamba hiyo mtu mmoja atauvuta kwa nguvu siku moja na kazi itaishia hapo.

Kwa nini nafasi ya nukta iwe milimita 26 na siyo 13? Kileleni mwa tao fleksi inapinda kwa nusukipenyo cha kama milimita 2.5. Urefukaji wa shaba hapo ni nusu ya unene wake ukigawanywa kwa nusukipenyo hicho, alimradi shaba imekaa katikati ya plastiki mbili. Shaba ya mikromita 18: 9 kwa 2,500, yaani asilimia 0.36. Shaba inavumilia hilo kwa mizunguko mingi. Ukipunguza nafasi ya nukta kwa nusu, nusukipenyo kinapungua kwa nusu na mateso yanakuwa maradufu. Na kama shaba ingekuwa juu ya plastiki badala ya katikati, ingepata mateso ya uso wa nje, ambayo kwa fleksi ya mikromita 120 ni zaidi ya asilimia 2. Ndiyo siri ya fleksi ya leza kushinda utepe wa shaba mtupu.

Kupima

Multimita ya kawaida kwenye om haitakuambia kitu. Njia ya shaba yenye upana wa nusu milimita na urefu wa milimita 110 ina om 0.2 tu, sawa na waya za multimita zenyewe. Chukua chaja ya simu ya volti 5, unganisha rezista ya om 47 ya wati 1 mfululizo na njia yako. Mkondo utakuwa kama ampea 0.1. Weka multimita kwenye milivolti 200 na uguse ncha mbili za njia: utaona karibu milivolti 20. Vuta hadi kikomo. Namba isibadilike zaidi ya tarakimu ya mwisho. Rudia baada ya mivuto 10, 100, 1,000. Namba ikiruka pale tu mkanda unapovutwa na kutulia ukirudi, kuna ufa unaofunguka na kufunga. Usisubiri uwe mkubwa.

Mara nyingi ufa huo hautakuwa kwenye tao. Utakuwa kwenye ncha, pale risasi ngumu inapokutana na fleksi laini. Mteremko wa silikoni juu ya kiungo, mnene kwenye risasi na ukipungua kwa sentimita moja kuelekea tao la kwanza, unaondoa tatizo. Nukta ya gundi iliyobanduka, nayo, hujulikana kwa macho: matao mawili yameungana kuwa moja refu. Angalia gundi imebaki upande gani. Ikibaki kwenye mpira, fleksi haikusafishwa, ikwangue kidogo kwa msasa laini na spiriti. Ikibaki kwenye fleksi, poda iliingia dirishani.

Matao yananasa nguo. Usiyamwagie silikoni juu kuyalinda, yatakuwa yamefungwa na fleksi itaanza kuvutwa badala ya kukunjuka. Shona kitambaa chepesi juu yake kikiwa na ulegevu, chenye kuta mbili za sponji pembeni za milimita 8.

Mikunjo midogo, kwa wenye subira

Karatasi ya dhahabu halisi ina unene wa kama mikromita 0.1. Ile ya kuigiza, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki wenye sura ya dhahabu, ni nene zaidi na inachafuka. Vuta mpira uleule kwa asilimia 20, safisha kwa spiriti, laza karatasi, bonyeza kwa brashi laini kutoka katikati kwenda nje, achia polepole. Hutaona mikunjo, utaona uso unaogeuka kutoka kioo kuwa hariri. Mawimbi yake ni karibu mikromita 18, na dhahabu kileleni inapata asilimia 1.5 tu wakati mpira umerudi asilimia 20.

Kuyapima hakuhitaji hadubini. Elekeza leza nyekundu ya nanomita 650 juu ya dhahabu kwa pembe ndogo isiyorudi machoni, na uangalie ukuta ulio mita moja mbali. Nukta kadhaa zitapangika mstari mmoja, zikiachana kwa kama milimita 36. Zikisogeleana, wimbi ni kubwa: mpira wako ni laini zaidi ya ulivyodhani, au umelaza karatasi mbili. Ukiona ukungu bila nukta, mikunjo haina mpangilio, na kwa kawaida chanzo ni vumbi au kulaza dhahabu kwenye upande mbaya wa mpira.

Kasoro ambayo haikwepeki kirahisi ni nyufa zinazokwenda sambamba na mvuto. Mpira ukivutwa kwa asilimia 20 upana wake hupungua kwa karibu asilimia 9, na ukiachiwa unatanuka tena, ukiichana dhahabu kwa upana. Kata dhahabu iwe riboni za milimita 1 au 2 kabla ya kuilaza, au banza kingo za mpira kwa vijiti ili upana usibadilike wakati wa kuvuta.